Ini la Sabuni Kwenye Tundu la Feni

Saa nne asubuhi kazi ilisimama katika chumba cha kuoshea vyuma ili watu wanywe maziwa. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Msimamizi alipita na kreti, akampa kila mfanyakazi pakiti moja, kisha akasimama pale pale mpaka aione imekwisha, maana kulikuwa na waliozificha kwenye mifuko wawapelekee watoto nyumbani.

"Kunywa nikuone," alisema. "Haya yanaosha kifua chako, si cha mtoto wako."

Watu walikata kona za pakiti kwa meno, wakanywa wakiwa wamesimama kando ya tangi, huku mvuke wa dawa ukiwapanda usoni. Dawa hiyo haikuwa na jina jingine. Ilikuja kwenye mapipa ya bluu yaliyobanduliwa karatasi zake, ilinukia utamutamu, na haikuwapo grisi duniani iliyoweza kuishinda. Injini kuukuu ziliingia kiwandani nyeusi tii, zikafunguliwa, vipuri vikapangwa kwenye vikapu vya waya, vikapu vikateremshwa ndani ya tangi, vikatoka vinametameta. Ngozi za mikono nazo zilitoka hivyo hivyo, safi mno, zimekauka na kupasuka kwenye vifundo.

Ukutani juu ya tangi palikuwa na tundu la mviringo. Zamani humo mlikuwa na feni ya kuvuta mvuke na kuutoa nje. Feni iliungua mota, ikashushwa ikatengenezwe, na tundu likabaki. Meneja kila alipoulizwa alijibu kwamba feni mpya imeshaagizwa. Alilisema hilo kwa upole na bila kuchoka, na watoto waliozaliwa mwaka ule iliposhushwa sasa walikuwa wanajua kusoma.

Aliyeuliza kuliko wote ni Sabuni, mkongwe wa tangi. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa sababu kila mtu alipolalamika kwamba kichwa kinamgonga, yeye alimwambia, "Jikaze kisabuni, ndugu yangu." Siku hizi mwenyewe alikuwa hajikazi vizuri. Mikono na miguu ilikuwa imekonda, tumbo limemtangulia, usiku alijikuna mpaka mkewe akahamia ukingoni mwa kitanda, na weupe wa macho yake ulikuwa umegeuka manjano. Lakini hakuwa akiuliza feni kwa ajili yake. Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa amemaliza shule na kukaa tu nyumbani, na mjomba wake alikuwa ameanza kumtajia nafasi ya kazi. Mjomba mwenyewe ndiye huyo msimamizi, mdogo wake mke wa Sabuni.

"Shemeji, tusikosane," Sabuni alimwambia siku hiyo akimrudishia pakiti tupu. "Mtoto wangu hagusi lile tangi mpaka feni irudi."

"Itarudi, shemeji."

"Ikirudi nitamleta mwenyewe, nimemshika mkono."

Msimamizi akachukua pakiti, akaibinya kuhakikisha hakuna kilichobaki, akaenda kwa mwingine.

Baada ya wiki chache Sabuni alishindwa kunyanyua kikapu, na mkewe akampeleka hospitali. Njiani walipita mbele ya majirani waliokuwa wakianika nguo. Majirani waliwasalimia kwa heshima zote, wakawaacha wapite, kisha mmoja akasema kwa sauti isiyo ndogo kwamba pombe haina adabu. Maneno hayo yalimkata mama wa watu maini. Alikuwa ameishi na mwanamume huyo tangu ujana wake, na hakuwahi kumwona akionja hata tone.

"Unakunywa?" daktari aliuliza.

"Maziwa," Sabuni alijibu.

Daktari alikuwa kijana mwenye uso wa uchovu. Akamlaza, akambonyeza chini ya mbavu za kulia, akaondoa mkono wake haraka na kuupuliza, kwa kuwa mahali hapo palikuwa pa moto. Akavaa glavu ya pili juu ya ile ya kwanza, akaendelea kupima.

"Kazi yako nini?"

Akaelezwa. Akauliza kuhusu madirisha, kuhusu barakoa, kuhusu dawa ya mapipa ya bluu. Mwisho akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda.

"Mzee, ini ni kichujio. Unachokula, unachovuta kwa pua, kinachopenya kwenye ngozi, vyote damu inavipeleka pale. Ini linavunjavunja sumu ili itoke. Sasa ikija leo, kesho, keshokutwa, lenyewe linaumia, linavimba, linashika moto. Uvimbe ukikaa unaacha kovu, na penye kovu hapafanyi kazi tena. Lako lina makovu mengi. Ila ini lina huruma. Likipumzishwa, sehemu iliyo hai hujitahidi kujitengeneza. Usirudi kwenye kile chumba."

"Na maziwa?" mkewe aliuliza.

"Maziwa ni chakula tu. Yanakwenda tumboni. Ile dawa inaingia kwa pua na kwa ngozi. Havikutani popote."

Walirudi nyumbani. Mama alikuwa akiwaza miaka yote ile ambayo mumewe aliona aibu kumwambia mtu kwamba maziwa yenyewe yalikuwa yakimtia kichefuchefu.

Sabuni akapumzika. Ini lake lilipumzika naye siku mbili tatu, kisha likashindwa. Jumatano moja asubuhi, mkewe akifagia, lilitoka upande wa kulia chini ya mbavu, bila damu, kama mtu anayeshuka kitandani taratibu asimwamshe mwenzake. Ngozi ikajifunga nyuma yake. Lilikuwa kubwa kupita kiasi, la rangi ya kahawia iliyochujuka, na lilikuwa na joto kiasi kwamba sakafu iliyolowa maji ilikauka lilipopita.

"Linakwenda wapi?" mkewe aliuliza, akiinua ufagio.

"Kazini," Sabuni alisema. "Liache. Limezoea."

Lilitambaa likashika njia ya kiwandani, likapita kandokando ya mtaro kama alivyopenda kupita mwenyewe. Paka mmoja alilifuata nusu ya safari, akalinusa, akaghairi. Getini, mlinzi aliliangalia, akatazama saa ukutani, akaona halijachelewa, akalifungulia mlango mdogo.

Ndani ya chumba cha kuoshea vyuma liliparamia ukuta juu ya tangi, likajikunja, likaingia kwenye tundu la feni. Lilitosha barabara. Kisha likaanza kuvuta. Mvuke uliokuwa umetanda chumbani tangu zamani ukainuka polepole ukaelekea huko. Kufika mchana watu waliweza kuuona ukuta wa pili, na ilibainika kwamba ulipakwa rangi ya kijani. Vichwa viliacha kugonga. Mzee mmoja wa kufungua injini alisema anasikia harufu ya jasho lake mwenyewe, akafurahi. Chini ya tundu kulikuwa kukidondoka kitu cheusi kizito, nao wakaweka ndoo. Ndoo ilipojaa waliimwaga kwenye mtaro ulio nyuma ya kiwanda, mahali palipomwagwa vitu vyote.

Nyumbani, Sabuni hakuweza kuinuka sawasawa. Daktari alipomwona alimbonyeza tena, safari hii mkono ukazama.

"Limetoka," daktari alisema.

"Limekwenda kazini."

"Mtu hakai bila ini, mzee. Lifuate ulirudishe, tena mapema. Ndani ya mwili lina nafasi ya kupona. Huko lilikokwenda halina."

Kwa hiyo alijizoazoa, akavaa shati lake safi, akaenda kulichukua. Mkewe alimsihi amtume yeye, au wamtume mtu mwingine, akamsihi zaidi ya ilivyostahili, na Sabuni hakuelewa kwa nini. Alielewa alipofungua mlango wa chumba. Binti yake alikuwa amesimama kwenye tangi, amevaa glavu za mpira ambazo zilikuwa za baba yake, akishusha kikapu cha pistoni. Alikuwa anafanya vizuri, hakuwa akirusha matone.

"Tangu lini?" Sabuni aliuliza.

Binti aliinamisha kichwa. "Tangu ulipopelekwa hospitali, baba. Mjomba alisema nafasi yako ikikaa wazi anapewa mtu wa nje. Mama alisema tusikwambie mpaka upate nguvu."

"Mimi nilisema nini?"

"Ulisema mpaka feni irudi." Kisha akanyoosha mkono juu, akijaribu kumpa baba yake kitu cha kumfariji. "Lakini hewa ni nzuri sasa. Pumua uone."

Sabuni akapumua. Ilikuwa kweli. Hakuwahi kupumua vile ndani ya chumba kile. Akainua macho akaliona ini lake, limejaa tundu zima, linapanda na kushuka bila pupa, na akajua kwamba halikuja pale kwa mazoea peke yake. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Angeweza kupanda akalibembeleza lishuke. Alisimama pale muda mrefu akiitazama ngazi na kumtazama mtoto, na uchungu uliompanda haukuwa wa mbavu.

Akapanda ngazi nyingine, ile ya ofisi.

Meneja alimkaribisha kiti, akampa pole, akamwagizia chai. Ofisi yake ilikuwa na dirisha kubwa la kioo lililotazama chini kwenye tangi, na dirisha hilo halikuwa na kitasa.

"Bwana Sabuni, sisi hapa tunajivunia watu kama wewe."

"Nimekuja kuomba feni. Ikifika tu, nitachukua kilicho changu niende nacho nyumbani. Daktari anasema lina haraka."

"Feni tuliagiza," meneja alisema. "Lakini nitakuwa mkweli kwako, tumeisimamisha. Si umeona mwenyewe? Hali ya hewa ni shwari. Nikiwaambia walio juu yangu kwamba nataka feni, wataniuliza ya nini."

"Ya kuniwezesha kuishi."

"Naelewa kabisa. Na hakuna anayekuzuia kulichukua, ni mali yako. Lichukue hata leo. Sema tu, vijana wataumia." Akageukia kioo, akatazama chini. "Yule aliye kwenye tangi ni binti yako, siyo? Mchapakazi sana."

Sabuni alimaliza chai kwa sababu alifunzwa kutobakiza, akashukuru, akashuka. Alipopita kwenye chumba alimwambia binti yake avute mikono ya glavu mpaka kwenye viwiko. Kisha akarudi nyumbani bila ini.

Mkewe alikuwa amekaa mlangoni akimsubiri, tayari kutukanwa. Hakumtukana. Alimwambia tu, "Ungeniambia," akaingia kulala. Mama yule alisema baadaye kwamba afadhali angempiga.

Mkaguzi wa usalama alifika mwezi ule. Alikuwa na kifaa kidogo chenye mkonga, akaupitisha juu ya tangi, chini ya meza, kwenye pembe zote, na kifaa hakikulia. Akaonekana kukishuku, akakipeleka nje karibu na mtaro, kikalia sana. Akarudi ndani ameridhika.

"Kile juu ni nini?"

"Ini," msimamizi alijibu.

"La nani?"

"La mfanyakazi wetu. Yuko likizo ya ugonjwa."

Mkaguzi alilitazama kwa makini. Akashauri liwekewe wavu, kwa sababu aliona paka getini. Kuhusu mtaro alisema hiyo ni idara nyingine. Wavu ukawekwa kesho yake, na ndicho kitu pekee kilichowahi kununuliwa kwa ajili ya tundu lile kwa haraka namna hiyo.

Wafanyakazi hawakuwa watu wabaya. Walimpenda Sabuni, na walilipenda ini lake, na walitaka kulitunza. Kila saa nne mmoja alipanda ngazi na pakiti ya maziwa akalimwagia, kidogo kidogo kupitia wavu, mpaka liloe lote. Mara nyingi aliyepanda alikuwa binti. Aliacha kunywa maziwa yake ili amtilie baba. Mjomba wake aliona, akajifanya haoni. Maziwa yaliganda juu ya joto la ini, yakachacha, yakaleta nzi, na binti akawa anapanda tena na kitambaa kulipangusa, akilisemesha kwa sauti ya chini mambo ya nyumbani: kwamba mama amepika, kwamba bomba limetengenezwa, kwamba baba leo amekaa kitako.

Jioni alimhadithia baba yake. "Nimekupa maziwa yote, hata tone sijabakiza."

"Ahsante, mama," Sabuni alimjibu. Alikuwa amepoteza ladha ya kila kitu, na maneno ya daktari aliyakumbuka vizuri, lakini hakumwambia mtoto. "Nimeyasikia. Yamenituliza."

Ini lilibadilika. Joto lilipungua, na wenye haraka wakasema linapona. Lakini lilikuwa linanywea. Juu yake pakatokea vinundu vigumu, na pembeni mwa tundu mianya ikaanza kuonekana, ambamo mvuke ulirudi chumbani kwa aibu aibu. Kilichodondoka kwenye ndoo kilipungua, kisha kikakoma. Asubuhi moja binti alipopanda na kitambaa, alihisi anapangusa soli ya kiatu. Akaligonga kwa kidole. Likajibu kama ubao. Akashuka, akavua glavu, akazitundika pamoja kwenye kulabu yake, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani, na msimamizi akampa kabla hajamaliza kuomba.

Walilishusha mchana huo, wakalifunga kwenye gunia safi na kulileta nyumbani kwa marehemu, ili lizikwe pamoja naye. Wabebaji waligundua kwamba lilikuwa zito kuliko yeye. Msibani wafanyakazi walikaa upande mmoja, wamejipanga kama kazini. Majirani walikaa upande wa pili, na mmoja wao, katika kumfariji mjane, akamwambia kwamba angalau sasa marehemu amepumzika na chupa. Mjane alimtazama mpaka yule mtu akahama mahali pa kukaa.

Wiki iliyofuata ukuta wa kijani haukuonekana tena. Watu walitapika. Meneja alimwita msimamizi, akamuuliza kwa masikitiko hali iliharibikaje wakati ilikuwa nzuri kiasi kile. Akaelezwa kwamba Sabuni amefariki.

"Najua, na poleni sana," alisema. "Nauliza kama hakuna mwingine."

Wafanyakazi walikutana wakajadili, na walijadili kwa haki. Walikubaliana iwe kwa zamu. Walikubaliana pia kwamba mkongwe hafai kuanza, kwa kuwa maini ya wakongwe yana makovu na hayatavuta. Aanze mtu mgeni kazini, ambaye lake bado laini. Hakuna aliyetaja mtu. Hakukuwa na haja.

Msimamizi alikwenda kwa dada yake Jumapili mchana. Alivua viatu mlangoni kama kawaida, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Dada, nimekuja na jambo."

"Nalijua. Rudi nalo."

"Ni kwa zamu tu. Likichoka linarudi."

"La baba yake lilirudi?"

"La shemeji lilikuwa limechoka tangu mwanzo, dada. La mtoto ni jipya."

Mama alisimama. Alikuwa mtu mpole, na sauti yake ilipopanda ilipasuka. "Mimi nilikubeba mgongoni. Ulikuwa na homa, mama hayupo, nikakubeba kutwa nzima na mimi mwenyewe mtoto. Umemla mume wangu, nikanyamaza, kwa sababu na mimi nilikusaidia kumdanganya. Sasa unataka na huyu. Ungekuwa na haya hata chembe, ungepeleka lako!"

Msimamizi alifungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akalifunua. Upande wa kulia chini ya mbavu palikuwa na alama za kucha, nyekundu na nyeusi, mpya juu ya za zamani. Ndipo dada yake alipomtazama machoni, akaona ule umanjano.

"Nimelivuta kila siku tangu tulipozika," alisema. "Halitoki. Limegandana na mimi." Akaanza kulia, na kulia kwake kulikuwa kwa mtu asiyezoea, kwa kikohozi zaidi kuliko machozi. "Yale maziwa nilikuwa nakunywa pakiti mbili, dada. Yangu na ya atakayekataa."

Mama akakaa chini. Alitaka kuendelea kumchukia, akakuta hana nguvu za kutosha kwa kazi hiyo. Alichukua ncha ya kanga yake, akampangusa mdogo wake uso.

"Hata hivyo sikupi," alimwambia.

"Mama," binti aliita kutoka chumbani.

Alikuwa amejiegemeza kwenye kizingiti, rangi imemtoka usoni, mkono mmoja umeshika ubavu wa kulia. Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi, na kwenye ukingo wake palikuwa na alama ya unyevu iliyokuwa ikikauka.

"Limeshakwenda," alisema. "Mlipokuwa mnagombana. Nililiambia kesho ndiyo Jumatatu, halikusikia."

Msimamizi alifunga vifungo vyake, akavaa viatu, akasema lazima awahi kulifungulia, maana Jumapili geti dogo hufungwa kwa kufuli na mlinzi hana ufunguo. Alitoka mbio mbio, akikohoa. Mama alimlaza binti kitandani, akalala nyuma yake, akamwekea kiganja pale ubavuni palipokuwa pameanza kupoa, akakibana kwa nguvu kadiri alivyoweza, kana kwamba kulikuwa bado na kitu cha kuzuia kisitoke.

Jumatatu, kiwandani, hakuna aliyeumwa kichwa.